Makaburi Mawili ya Mtoto Mmoja

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu. Naandika polepole, na mistari yangu inapinda kama ya mtu anayelima bila kunyoosha kamba. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo maneno mengine nayaandika jinsi masikio yangu yanavyoyapokea hapa kwetu, na herufi nyingine zitakuwa zimepotea njia. Wewe unayesoma, soma kama mtu aliyekaa nami jikoni, usisome kama mwalimu. Mama yangu amefariki mwaka huu, wakati watu wanapalilia simsim, na siku ya maziko wanaume walikuja mpaka mlangoni kuniuliza mimi azikwe wapi. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata sokoni naonyesha kitu kwa kidole. Lakini siku hiyo nilijibu, na tangu nilipojibu, jibu hilo linakaa nami kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Ili mnielewe lazima nirudi nyuma, kwenye mwaka ambao kaka yangu Juma alikuwa kidato cha nne, mwaka ambao tulilipata kaburi la ndugu yetu, halafu tukalipata tena.

Tulikuwa tunapanga chumba kimoja mtaa wa Awindiri. Pazia la kitenge liligawa chumba. Upande wa mlango palikuwa na mkeka wangu na mama, na upande wa dirisha kitanda cha Juma na meza yake ya vitabu, ambayo mguu wake mmoja ulisimama juu ya tofali. Mama alikuwa anapika kisira kwa kuuza, ile mikate myembamba ya Wanubi. Alimwaga uji wa mtama kwenye chuma cha moto, akaupangusa mara moja kwa ukindu, na kabla hujahesabu kitu mkate umeshaiva. Mimi niliikunja na kuipanga kwenye beseni. Nje, kutoka mlango wetu mpaka ukuta wa choo, ilipita kamba ya kijani ya kuanikia nguo. Kamba hiyo ilikuwa ya baba, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki zamani. Alikuwa askari, na kamba ilikuwa ya hema la jeshi. Siku moja nilitaka kukata kipande nifungie mzigo wa kuni, na mama akanipiga mkononi. Hakuwa mtu wa kupiga. "Hii kamba hapana kata," alisema. "Hata kidogo. Hapana." Mimi na Juma tulidhani ni huzuni ya mjane tu, tukaendelea kuanika nguo.

Mambo yalianza na mteja mmoja, mwanamke wa Koboko aliyekuja kununua kisira za harusi. Alikaa kwenye kigoda akisubiri, akawa anazungumza habari za kwao kama watu wanavyozungumza mbele ya moto wa mtu mwingine. Alisema huko Kuluba sasa watu wanachimba udongo wa matofali kila mahali, hata pale karibu na jiwe kubwa, jiwe kama tembo amelala. Mkono wa mama ulisimama. Kisira ikaungua kwenye chuma, moshi ukapanda, na mteja akacheka, "Mama Juma, leo unatupikia makaa?" Mama akaikwangua ile iliyoungua, akamwaga nyingine. Lakini jioni, tulipokuwa tunakula enya, ule ugali wa kwetu, na samaki mkavu, aliweka tonge chini na kusema maneno ambayo hatujawahi kuyasikia, haraka, kama mtoto anayesoma sura aliyokaririshwa: "Jiwe mpaka mti, kamba kumi. Mti mpaka mutoto, kamba sita. Kwa jiwe, digrii thelathini. Tazama mlima."

Tulijua kwamba mama alizaa mtoto kabla yetu, jina lake Rajabu, na kwamba alikufa kwa homa njiani, wakati watu wanarudi nyumbani kutoka Kongo. Hatukujua zaidi. Jioni hiyo alitueleza, akiangalia sahani. Mtoto alikata roho karibu na lile jiwe. Kwa desturi yetu mwanamke haendi kaburini siku ya kuzika, basi mama alikaa juu ya jiwe na mizigo, amefumba macho, na baba akaenda kuzika pamoja na wanaume wawili wasafiri waliokuwa na jembe. Hatukuwajua wakati ule na hatuwajui leo. Baada ya kuzika, baba alitaka kupima ili siku moja warudi. Kupima moja kwa moja kutoka jiwe mpaka kaburi hakuweza, kwa sababu mbele ya jiwe palikuwa na tope na matete. Akazunguka kwa mti mmoja mkubwa uliosimama pembeni: jiwe mpaka mti, mti mpaka kaburi. Alikuwa na dira ya jeshi. Alisimama juu ya jiwe, akaona kaburi liko sawasawa na pale mlima unapopasuka, halafu akapima pembe kati ya mlima na mti. Akamfundisha mama zile namba njiani, siku nzima, mpaka akazijua. "Kama mimi nakufa, wewe iko na namba," alimwambia. Na kamba ni ile yenye mashati yetu.

Juma aliacha kula. Alikuwa mwembamba, mwenye kiburi kidogo cha mtu anayesomeshwa na nyumba nzima. "Mama," alisema, "hii ni pembetatu. Pande mbili na pembe moja. Tumesoma wiki hii." Mama akamuuliza kama anaweza kumpata mtoto. Juma akasema ndiyo. Mama akasema, "Mimi hapana taka kitu kingine. Nataka siku yangu nikifika, nilale kando ya yeye. Basi." Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chumvi. Mimi nilikusanya sahani. Sikumbuki kwamba nilihisi kitu. Nakumbuka kwamba mfupa wa samaki ulikuwa umenasa kwenye ufa wa sahani ya mama na nilikaa muda mrefu kuutoa.

Juma aliazima mashine ya hesabu kwa rafiki yake. Alinieleza, maana mimi ndiye niliyeshika taa: kila upande wa pembetatu una pembe inayoutazama, na kuna kanuni ya kutoka kwenye upande kwenda kwenye pembe yake. Alibonyeza, na mashine ikasema pembe ya kaburini ni hamsini na sita. Kutoka hapo akapata umbali wa jiwe mpaka kaburi: kamba kumi na mbili. Aliandika jibu akalichorea mistari miwili chini, kama walivyofundishwa. Mashine ilitoa pembe moja tu. Mashine haina kitufe cha kusema "au".

Tulikwenda kiangazi, mama na Juma na mimi, na ile kamba ndani ya beseni la kisira. Kutoka Koboko mjini tulichukua pikipiki mbili mpaka Kuluba. Jiwe lilikuwepo. Tope halikuwepo, palikuwa na mashamba ya muhogo. Mti haukuwepo. Mwenye shamba, Mzee Lemi, mkulima mrefu Mkristo mwenye kofia ya sufu juani, alitusikiliza akasema mti huo aliukata yeye mwenyewe akachoma makaa, na kisiki akang'oa. Juma akamuuliza ulikuwa wapi. Mzee akazunguka na mkono wake, akaonyesha kila upande. "Miti ilikuwa mingi, kijana. Mimi ilikata, mimi hapana andika." Lakini mlima ulikuwa pale pale, na mpasuko wake. Juma akasimama juu ya jiwe akatuelekeza kwa mikono, mama na mimi tukanyoosha kamba ardhini, tukaihamisha, tukanyoosha tena, mara kumi na mbili. Tulifika mahali penye majani ya kawaida. Hapakuwa na tuta. Tuta lisilo na jiwe huzama baada ya mvua chache. Mama aliinama akaweka kiganja chini. Mzee Lemi alivua kofia. Tulinunua matofali kwa jirani yake na saruji kidogo, na Juma akajenga ukingo mdogo, wa urefu wa mtoto. Niliangalia uso wa mama nikitafuta furaha au machozi, nikaona amechoka tu. Lakini usiku ule alilala bila kuamka, na wiki zilizofuata pia. Wateja walisema amenenepa.

Halafu Juma alirudi siku moja kutoka shule akakaa kitandani na viatu. Sikumuuliza. Mimi siulizi, husubiri. Nilimpelekea chai, akasema bila kuniangalia, "Dada, tulikuwa tumesoma nusu tu ya somo." Ile nusu ya pili mwalimu aliifundisha siku hiyo. Ukipewa pande mbili na pembe isiyokaa kati yake, wakati mwingine pembetatu ni mbili. Namba zile zile, zote za kweli, pembetatu mbili. Mashine inakupa moja, nyingine lazima uitafute mwenyewe. Nikasema labda yetu si ya namna hiyo. Akachukua njiti tatu za ufagio akazipanga kwenye mkeka. Ya kwanza ni mstari wa kwenda mlimani. Ya pili imetoka kwenye jiwe mpaka mti. Ya tatu, fupi, alishika ncha yake kwenye mti akaizungusha. "Mbuzi amefungwa kwenye mti," alisema. "Njia inapita mbele yake. Kama kamba ni fupi sana, mbuzi hafiki njiani. Kama ni ndefu kupita ule umbali wa jiwe mpaka mti, mbele yetu anafika mara moja tu. Kamba ya baba ni ya katikati. Angalia." Njiti ilifika njiani karibu na jiwe. Akaizungusha zaidi, ikaiacha njia, ikafika tena mbele. "Kule mbali kumi na mbili. Huku karibu, tano na kitu."

"Usimwambie," nilisema. Nadhani ni mara ya kwanza maishani nilimpa mtu amri. "Analala sasa."

"Akitaka kulala kando yake, na tumlaze kando ya majani?"

Hatukujua kwamba mama amerudi na yuko upande wa pili wa pazia. Aliingia na beseni lake kichwani, akalishusha, akakaa chini. "Onyesha mimi hiyo mbuzi," alisema. Juma akamwonyesha. Mama aliichukua ile njiti fupi akaizungusha yeye mwenyewe, akaenda, akarudi, mara nyingi. Akasema, "Baba yenu ilikuwa askari. Askari hapana pima vibaya." Juma akajibu, "Hakupima vibaya, mama. Alipima vizuri. Hakumaliza kupima." Baba angekuwa ametaja jambo moja zaidi, alisema Juma, hata dogo, hata 'karibu' au 'mbali', ingetosha. Akamuuliza mama kama kuna kitu alikisikia siku ile. "Nilisikia jembe," mama alisema. Juma akasogea mbele. "Lilisikika karibu au mbali?" Mama aliirudisha njiti kwenye mkeka. "Mimi nasikia hata sasa," alisema. "Utapima hiyo namna gani?"

Kuchimba hakukuwezekana. Juma alimuuliza sheikh, na sheikh akasema kaburi la Mwislamu halifukuliwi kwa sababu ya mtu kutaka kujua. Basi tulirudi Kuluba, safari hii mvua zilikuwa zimeanza. Tulipima tano na kitu kutoka kwenye jiwe, na mahali penyewe palikuwa katikati ya muhogo wa Mzee Lemi, hatua chache kutoka shimo lake la udongo wa matofali. Shimo lilikuwa linakuja upande huo. Mama akamwomba asichimbe pale. Mzee Lemi alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa chini ya kofia.

"Mama Juma. Mutoto iko moja?"

"Moja."

"Na kaburi iko mbili?"

"Mbili."

"Hata muhogo hapana fanya hivyo. Muhogo unapanda moja, unapata moja." Vijana wake wa matofali wakacheka. Mama hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Mzee, moja ni ya uongo. Lakini mimi hapana jua ni gani. Wewe utachimba kwa bahati?" Mzee Lemi akaangalia shimo lake, akaangalia jiwe, akaangalia mlima. Halafu akaita vijana wake akawaambia wahamishe kazi upande wa barabara. Tulipokuwa tunaondoka aliuliza jina la mtoto, na kutoka siku hiyo hakumwita tena Mama Juma. Alimwita Mama Rajabu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo mbele yangu. Mama aliitika kama mtu aliyeitwa hivyo kila siku.

Mwaka ukaisha. Juma alifanya mtihani wake, akafaulu kiasi, na leo anauza vipuri vya pikipiki Kampala. Hesabu hakuendelea nayo. Mama aliendelea kwenda Kuluba kila baada ya Idi, na mimi nilikwenda naye, nikibeba dumu la maji. Alimwaga maji pale penye ukingo wa saruji, akasoma dua, akasimama. Halafu tulitembea kurudi upande wa jiwe, akamwaga maji kwenye muhogo, akasoma dua ile ile. Sikuwahi kumuuliza anafikiri yuko wapi. Niliona jambo moja tu, na nililiona kwa sababu mtu asiyesema huwa na kazi ya kuangalia. Kwenye saruji alisimama. Kwenye muhogo alikaa chini.

Alipofariki tulimpeleka Kuluba, kama alivyotaka. Juma alifika alfajiri, macho mekundu. Mimi yangu yalikuwa makavu, na mpaka leo ni makavu. Mniwie radhi, sijui kwa nini. Nilikuwa kwa Mzee Lemi jikoni, nachemsha maji ya chai ya waombolezaji, nikasikia wanaume wanabishana nje. Mmoja alisema azikwe kwenye ukingo, ndilo kaburi linaloonekana. Mwingine alisema azikwe katikati ya yale mawili, hapo ameyagawia sawa. Wengi wakapenda hiyo. Kisha nikasikia sauti ya Juma: "Katikati hapana. Katikati ndiyo mahali pekee tunapojua kwa hakika kwamba mtoto hayupo." Mzee Lemi, ambaye sasa anatembea na fimbo, akasema, "Muulize binti. Yeye ilikuja na mama kila mara." Wakaja mpaka mlangoni, wote, na majembe. Sufuria ilikuwa inachemka. Niliangalia miguu yao.

Nikasema azikwe kwenye muhogo. Juma akauliza kwa upole, "Unajua kitu, dada?" Nikasema sijui kitu. Nikasema, kama Rajabu yuko kule mbali, ana saruji tuliyomjengea, na watu wakipita wanajua pana mtu. Kama yuko huku karibu, hana kitu miaka yote hii. Basi kule pana saruji, na huku pawe na mama. Ni maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya wanaume. Hakuna aliyebisha. Mzee Lemi alikwenda mbele yao na panga, akaanza kung'oa muhogo wake mwenyewe. Mimi sikwenda, kwa kuwa sisi hatuendi kuzika. Nilipanda juu ya jiwe nikakaa pale alipokaa yeye, nikasikia majembe. Yalikuwa karibu. Niliona nyuso zao zote, hata jasho la Juma.

Ndipo nilipofikiria wale wanaume wawili. Sasa nasema na ninyi wawili: mlikuwa wasafiri, mnatoka Kongo kama sisi, na mlikuwa na jembe. Mlimsaidia askari mmoja kumzika mtoto karibu na Kuluba, halafu mkaenda zenu. Mmoja wenu anaweza kuwa hai, au amewasimulia watoto wake, na mtoto huyo anasoma hapa. Sitaki mnipe namba, namba tunazo. Nauliza kitu kimoja. Mlipokuwa mnachimba, mkainua kichwa kupumzika, mkatazama lile jiwe, je, mliuona uso wa mama yangu, au mliona nguo yake tu? Kama mliuona uso, niandikieni. Kama mliona nguo tu, niandikieni pia. Muulizeni Mzee Lemi pale Kuluba, kila mtu anamjua, na barua itanifika. Mwandiko wowote nitausoma. Nasoma polepole, lakini namaliza.